Tovuti imezimika? Mkono mbali na restart kwanza

Mwenye nyumba ya wageni pale Raskazone, Tanga, akipiga simu kwamba tovuti haifunguki, fundi wa seva ya Linux hukimbilia `systemctl restart apache2`, yaani kuwasha upya Apache, programu inayotoa kurasa za tovuti. Tovuti inarudi, simu inanyamaza, kesho usiku mambo ni yale yale. Kabla ya kuwasha upya, tafuta kwanza kilichoiua.

Anza na saa. Mteja atakwambia "imezima saa mbili usiku". Seva nyingi za kukodi huandika logi (kumbukumbu za matukio) kwa UTC, saa ya kimataifa, saa tatu nyuma ya Tanga, kwa hiyo tukio lake liko kwenye 17:00, wala si 20:00, achilia mbali 02:00! Thibitisha kwa `timedatectl`. Kuna watu husoma logi za saa isiyohusika, kisha huapa kwamba hakuna kosa.

Halafu andika:

`journalctl -k | grep -i "out of memory"`

Ukikuta `Killed process 2314 (mysqld)`, usiishikie bango MySQL, programu ya hifadhidata. RAM ikiisha, kerneli (kiini cha Linux) kwa kawaida huua programu inayokula nyingi kuliko zote wakati ule, hata kama njaa imeletwa na nyingine. Mara nyingi mkosaji ni Apache. Kwenye Debian na Ubuntu, prefork, mtindo wa Apache wa kumpa kila ombi mfanyakazi (nakala ya programu) wake, huja na `MaxRequestWorkers 150`, yaani wafanyakazi wasiozidi 150. Ukiwa na PHP (lugha inayoendesha tovuti) ndani yake, mfanyakazi mmoja akila MB 45, wote 150 wanataka MB 6,750. Mashine yenyewe, tuseme, ina RAM ya GB 1.

Basi piga hesabu. `ps -o rss= -C apache2` hukupa ulaji wa kila mmoja kwa KB (huzidisha kidogo, maana sehemu wanayochangia huhesabiwa kwa kila mmoja; si neno, kosa liko upande salama). MySQL na mfumo vikichukua MB 550, kati ya 1,024 zimebaki 474. Gawa kwa 45: weka 10. Badilisha kwenye `/etc/apache2/mods-available/mpm_prefork.conf`, pima kwa `apache2ctl configtest`, ndipo uwashe upya. Wageni wanaozidi watapanga foleni, na foleni ni afadhali kuliko kaburi. Swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM) ya GB 1 inasaidia kupumua, lakini ukiitegemea kila siku tovuti itatambaa.

Mstari wa `Killed process` haupo? Tazama nafasi ya diski kwa `df -h`, na usisahau `df -i`: vifaili vya seshoni za PHP vinaweza kumaliza inodi (nafasi za kusajili faili) huku diski ikionekana ina nafasi. Ukiwa umefuta logi kubwa na nafasi haijarudi, `lsof +L1` itakuonyesha nani bado ameishikilia. `Segmentation fault (11)` kwenye `error.log` ya Apache, shuku moduli, hasa viongezeo vya PHP. Zima kimoja kimoja.

Kwa mashine iliyo dukani Ngamiani, `last -x` ikionyesha `reboot` bila `shutdown` kabla yake, shuku umeme kwanza. Nunua UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika. Na kama `journalctl --list-boots` inaonyesha mwasho mmoja tu, huenda logi zinakaa kwenye RAM na kufutika kila umeme ukikatika: `mkdir -p /var/log/journal`, kisha `systemctl restart systemd-journald`.