Genge, gema, mwamba: kuchagua neno kabla mtu hajateleza

Nimehariri maelezo mengi ya njia za wapanda milima, na kinachonichosha kuliko vilima vyenyewe ni maneno mawili: "mteremko mkali". Kila kitu ni mteremko mkali. Njia inayoshuka taratibu kwenye nyasi ni mteremko mkali, na ukuta wa jiwe ambao hata mbuzi anaukwepa nao ni mteremko mkali. Mteremko ni mahali pa kushukia kwa miguu. Ukiteleza mteremkoni utachubuka magoti, utaona aibu, utainuka uendelee. Ukiteleza gengeni, wenzako watashuka kukutafuta.

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote hujiuliza: mtu akikosea hatua hapa, itakuwaje? Jibu hilo hunichagulia neno.

Ikiwa ardhi inakatika ghafla na chini yake ni ukuta wa jiwe, hilo ni genge. Kule Dover, kusini mwa Uingereza, kuna magenge meupe ya chaki yanayofika takriban mita 110 juu ya bahari. Yale ya Moher, Ayalandi, yanafika mita 214. Kazi ya mawimbi ni kula mguu wa ukuta mpaka sehemu ya juu ikose pa kuegemea, kisha inamong'onyoka. Ndiyo maana ukingo wa genge la baharini si mahali pa kusimama kupiga picha, hata pakionekana pagumu kama sakafu. Tatizo la neno lenyewe ni kwamba lina ndugu wengi: kuna genge la wezi, na kuna genge la kuuzia bidhaa ndogondogo. Ukiandika "alionekana mara ya mwisho gengeni", msomaji atafikiria mengine kabisa. Andika "genge la mawe" mara ya kwanza, baada ya hapo genge peke yake linatosha.

Gema mimi huliweka kwa kingo za udongo, hasa za mito. Wapo wanaolitumia sawasawa na genge, na siwezi kuwakataza, lakini tofauti hiyo inanisaidia: genge la jiwe gumu huenda likakubeba, gema lililokatwa na maji chini kwa chini halina ahadi hiyo. Nikiona "gema" kwenye maelezo, nakaa mbali na ukingo bila kuambiwa mara ya pili.

Mwamba una mtego wake. Neno hili linataja jiwe mama lenyewe, wala halisemi limesimama au limelala. Kuna mwamba bapa unaoweza kulala juu yake ukaota jua, na kuna mwamba uliozama baharini ukingoja vyombo. Mabaharia wakisema chombo kimepanda mwamba, ni msiba: kimekwama. Mpanda milima akisema amepanda mwamba, anajisifu. Ukitaka msomaji aone kitu kilichosimama, sema ukuta wa mwamba. El Capitan ya California ni ukuta wa graniti wa mita 900 hivi kutoka mguuni hadi juu, na hakuna neno dogo zaidi litakaloutosha. Kwa upande mzima wa mlima napenda "ubavu": ubavu wa kaskazini wa Eiger, Uswisi, una kimo cha mita 1,800 hivi, na haukupandwa mpaka 1938. Siku hizi naona watu wakiandika "uso wa mlima". Sawa, inaeleweka, lakini mlima wetu umekuwa na ubavu siku zote.

Halafu kuna kuta zilizopita wima. Mlima Thor, katika kisiwa cha Baffin huko Kanada, una ukuta wa mita 1,250 ambao kwa wastani una nyuzi 105 kutoka usawa wa ardhi (wima ni 90), yaani umekuinamia wewe uliye chini. Jiwe likiachiwa kutoka juu linashuka hewani bila kuugusa. Hapo usiseme "wima sana", kwa kuwa wima hauna sana. Sema ukuta umeinama mbele, au taja nyuzi ukizijua.

Jabali ni rahisi: jiwe kubwa linaloonekana kwa ukubwa wake. Ni alama nzuri ya njia, "pita kushoto kwa jabali", mradi lisiwe moja kati ya ishirini yanayofanana.

Korongo lina kuta mbili na maji yaliyolichimba, kwa hiyo onyo lake ni tofauti: mvua ikinyesha mbali juu, mtu aliye korongoni anaweza kufikiwa na maji kabla hajaona wingu. Na ukiandika maporomoko, malizia: ya maji au ya mawe? Wengi watafikiria maji, wabebe kamera.

Vitenzi vinasahaulika, ilhali ndivyo vinavyoongoza miguu. Kupanda kunaweza kuwa kwa miguu tu. Kukwea kunaita mikono, na kuparamia kunaonyesha mtu anayeng'ang'ania popote panaposhikika. Ninachokipenda kuliko vyote ni kuambaa: "ambaa na genge mpaka kwenye mti mkubwa" inamwambia mtu afuate genge kwa urefu wake bila kulipanda wala kulishuka. Ila hapo lazima useme yuko upande gani. "Chini ya genge" kunaweza kuwa mguuni pake au ndani ya kivuli cha mwamba ulioinama, na "juu ya genge" kunaweza kuwa ukingoni au hatua mia moja nyuma yake. Mimi huandika "ukiwa juu, genge likiwa mkono wako wa kulia", hata kama sentensi inarefuka.