Kabla hujashika pamba na spiriti

Wadogo zangu mlioingia mwaka huu kwenye ghala letu la vitu vya kale, nawapenda, lakini jana nimemkuta tena mtu na pamba yenye spiriti mbele ya sanduku la Wanorwe waliohamia Marekani. Basi sikilizeni.

1. Mwaka uliochorwa kwenye sanduku si mwaka wa safari. Mengi yalitengenezwa kwa ajili ya harusi, yakarithiwa, ndipo yakapakiwa melini. Ukiona 1790 usiandike "alihamia 1790"; kundi la kwanza kutoka Norwe lilipanda meli ya Restauration pale Stavanger mwaka 1825.

2. D mwishoni mwa herufi za mwanzo za jina mara nyingi ni "datter", yaani "binti" kwa Kinorwe. Acheni kumtafutia ukoo.

3. Usisafishe. Kulikuwa na sanduku la msonobari lenye maua ya rosemaling, ule uchoraji wa mapambo wa Kinorwe, mekundu na ya buluu, na juu ya maua hayo mtu alikuwa amepaka herufi nyeusi, nene, zimepinda. Mwenzetu mpya akadhani ni uharibifu wa watoto. Alifuta asubuhi nzima, taratibu, kwa uangalifu ambao ningeusifu kwenye kazi nyingine yoyote. Maua yakang'aa. Bibi mwenye sanduku alipokuja akaliangalia, akauliza, "Maandishi yako wapi?" Ilikuwa anwani: jina la babu wa babu yake na Nord Amerika, yaliyopakwa mizigo ilipofungwa ili sanduku lisipotelee bandarini. Maua kama yale yamejaa kwenye masanduku yaliyobaki Norwe. Anwani ndiyo iliyosema kwamba hili liliondoka. Picha hatukuwa nayo, na rangi iliyokwishafutwa hairudi. Bibi hakugomba. Alipitisha kidole pale palipokuwa na jina, nasi tukabaki kimya. Nawaambia kwa uchungu: wanaoharibu vitu humu ni wenye bidii wasiouliza.

4. Picha kwanza. Hata chini, hata ndani ya kifuniko.

5. Maua yakiwa mapya mno, kumbukeni Per Lysne, mchoraji wa magari ya farasi wa Stoughton, Wisconsin, aliyefufua rosemaling miaka ya 1930. Sanduku la zamani linaweza kubeba rangi ya Marekani. Andikeni yote mawili.

6. Sølje, ile bizimu ya fedha: hesabu visahani vinavyoning'inia kabla ya kuifunga. Familia ikisema fedha hiyo ilimkinga mtoto mchanga asibadilishwe na viumbe wa milimani, usicheke wala usifupishe, iandike ilivyosemwa. Kadi ya maelezo ya kila kitu ina nafasi ya maneno ya familia, na kadi zenu za mwezi huu nimezikuta tupu hapo. Zirudieni wiki hii, wazee wangali wanapokea simu.