Usipime atropini kwa mboni

Tabibu mmoja wa kituo cha afya kwenye ukanda wa nyanya chini ya Mlima Meru ameniandikia. Kijana aliletwa kutoka shambani akiwa analowa jasho na kutokwa povu, bomba la kupulizia wamelitua mlangoni. Ilikuwa sumu ya dawa ya wadudu. Akampa ampuli tatu za atropini, dawa inayokausha ute na jasho la sumu hiyo. Mboni zikafunguka, mapigo yakafika 130, akasitisha. Saa moja baadaye kifua kikaanza kukoroma upya, ikabidi gari la wagonjwa litafutwe usiku. Swali lake: "Daktari, nilizidisha au nilipunguza?"

Ulipunguza, mdogo wangu. Na si wewe peke yako.

Profenofosi, klopirifosi na dawa nyingine za wadudu za jamii ya oganofosfati huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali ambayo neva hutumia kupeleka ujumbe. Isipovunjwa hurundikana. Kwenye tezi na misuli laini hugonga vipokezi vya aina ya muskarini: mate, machozi, kutapika, kuhara, mkojo kutoka wenyewe, mboni kusinyaa hadi ncha ya sindano. Kinachoua mapema ni kifua, maana mirija ya hewa hubana na kujaa ute kwa wakati mmoja. Atropini huziba vipokezi hivyo vya muskarini, basi. Kimeng'enya haikirudishi.

Mbona mapigo 130? Asetilikolini hiyo hiyo hufanya kazi kwenye ganglia (vituo vya neva) za upande wa simpathetiki, unaoharakisha moyo, na kwenye tezi za adrenali, kupitia aina nyingine ya vipokezi, vya nikotini, nao moyo ukikosa oksijeni huenda mbio vilevile. Moyo kwenda mbio si sababu ya kuacha. Mboni nazo zinadanganya: tone la dawa likirukia jicho, mboni hiyo inaweza kubaki imesinyaa hata mgonjwa akishapata atropini ya kutosha.

Unachofuata ni mapafu yaliyo wazi pande zote, mapigo zaidi ya 80, namba ya juu ya presha zaidi ya 80, na kwapa kavu. Kwapa wengi hulisahau. Tezi za jasho huendeshwa na neva za simpathetiki, lakini zinatumia asetilikolini na vipokezi vya muskarini, kwa hiyo kwapa likikauka ujue atropini imefika.

Kwa mtu mzima anza na miligramu 2 kwenye mshipa. Subiri dakika 5, sikiliza kifua. Bado kinakoroma? Toa 4. Dakika 5 tena, toa 8. Endelea kuzidisha mara mbili mpaka kikauke. Soma ampuli kabla ya kuvunja, kwani zipo za miligramu 0.6 na za 1. Dozi hizo tatu, jumla miligramu 14, ni ampuli 14 za miligramu 1, au 24 za 0.6, na zinaweza kuisha ndani ya robo saa. Kituo kilichozungukwa na mashamba ya nyanya kinachoweka ampuli tano kabatini hakijajiandaa, na msimu wa kupulizia haumshtukizi mtu.

Kifua kikikauka ndipo dripu inaingia, asilimia 10 hadi 20 ya jumla uliyotoa, kila saa. Kwa miligramu 14, chukua 2 kwa saa: weka miligramu 20 kwenye chupa ya salaini ya mililita 500, ipite mililita 50 kwa saa, sawa na matone 17 kwa dakika kama seti yako ni ya matone 20 kwa mililita. Akianza kuweweseka, akapata homa na tumbo likanyamaza, hapo ndipo umezidisha. Simamisha dripu, dalili zikitulia irudishe kwa kiwango cha chini zaidi.

Haya yote yanakwenda pamoja na oksijeni, kumlaza ubavu na kunyonya ute. Mwenzako avae glavu, avue nguo zote, aoshe mwili na nywele kwa sabuni. Kumtapisha ni hatari: dawa hizi nyingi huchanganywa na vimiminika vya jamii ya mafuta ya taa, vikishuka mapafuni umeongeza ugonjwa wa pili. Maziwa wanayoleta ndugu hayazimui chochote.

Misuli ya mwili iko upande wa nikotini, atropini haiigusi. Kati ya siku ya kwanza na ya nne mwambie mgonjwa anyanyue kichwa kutoka kwenye mto. Akishindwa, pumzi inafuata. Mpeleke penye mashine ya kupumulia, hospitali ya rufaa ya KCMC kule Moshi au kwingine kulio karibu, kabla hajabadilika rangi. Na anayemwekea mpira wa hewa asitumie saksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli, kwa sababu kimeng'enya kinachoiondoa mwilini nacho kimezuiwa.

Jambo moja kwa walio upande wa wafugaji. Amitrazi, dawa ya kupe, nayo hushusha mapigo, huleta usingizi mzito, na mboni zinaweza kusinyaa. Lakini mgonjwa huyo kifua chake hakijai ute wala halowi jasho, na sukari ya damu hupanda. Hugonga vipokezi vya alfa-2, si kimeng'enya. Huyo anahitaji kulindwa pumzi na presha. Atropini ni ya mapigo tu yakishuka mno, wala usimkimbize kwenye dozi za kuzidisha. Kwa hiyo mtume ndugu arudi na chupa yenye lebo, iwe imetoka shambani au joshoni.