Nampimaje mama mapigo ya moyo nyumbani?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama ana miaka 63, anatumia dawa za presha, na kliniki wameniambia niwe namhesabia mapigo ya moyo asubuhi ila mashine hatuna. Nikimshika mkono kwa dole gumba leo napata 70 kesho 95, siku nyingine sisikii kitu kabisa naishia kuogopa tu. Nakosea wapi? Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Shida ni hilo dole gumba, lenyewe lina mshipa unaodunda kwa hiyo unaweza ukawa unahesabu mapigo yako ukadhani ya mama. Tumia kidole cha shahada na cha kati. Mama akae atulie kama dakika 5, asiwe ametoka kufagia au kunywa kahawa, mkono aulaze mapajani kiganja kiangalie juu. Sasa shuka na dole gumba lake mpaka upite kidogo pale mkono unapokunjika, utagusa mfupa pembeni na kwa ndani vitu vigumu kama kamba, katikati ya hivyo viwili kuna kibonde, mshipa unapita hapohapo. Na usikandamize! Wengi wakikosa kusikia ndo wanazidi kubana, ukibana sana damu haipiti na mapigo yanapotea, we gusa tu halafu ongeza nguvu kidogokidogo mpaka yagonge ncha za vidole.

Kwa mama hesabu dakika nzima kwa saa ya simu, maana ukihesabu sekunde 15 ukazidisha mara 4, ukikosea pigo moja umekosea manne. Mtu mzima aliyetulia kawaida ni 60 mpaka 100. Ila mi nakuomba usiangalie namba peke yake, sikiliza na mpangilio, yakienda ovyoovyo, mara haraka mara yanaruka, mpeleke akapimwe moyo hata kama umepata 80, kwa sababu moyo ukidunda hivyo damu inaweza kuganda ndani yake na kuleta kiharusi.

Dawa nyingine za presha, mfano atenolol, zinashusha mapigo, kwa hiyo ukikuta 55 usimwachishe dawa, waulize kliniki kwanza. Na mapigo siyo presha jamani, 72 nzuri haimaanishi presha imeshuka, hiyo lazima ipimwe kwa mashine yake. Akilalamika kifua kinabana, akizimia au akishindwa kupumua vizuri, acha kuhesabu, kimbizeni hospitali.