Sukari kupanda baada ya mlo wenye wanga kidogo
Umeuliza kwa nini sukari yako hupanda saa kadhaa baada ya mlo ulio karibu bila wanga, ilhali pampu ya insulini haina hitilafu. Chanzo kinachoelekea zaidi ni protini, kwani ini hugeuza sehemu yake kuwa glukosi (sukari ya damu) polepole, na wanga unapokuwa mchache athari hiyo huonekana waziwazi. Pampu nyingi huweza kutoa dozi ya mlo kidogo kidogo kwa saa 2 hadi 4 badala ya mara moja, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida yake kubwa kwa anayekula hivyo. Muda na kiasi vipange na daktari wako.

Ninalokusihi zaidi ni kwamba, kwa kuwa pampu hutumia insulini ya muda mfupi pekee, mrija ukiziba ketoni (asidi zinazotokea mwili unapochoma mafuta kwa kukosa insulini) zinaweza kufikia kiwango cha hatari ndani ya saa chache, na kwa mlo wa wanga kidogo huenda sukari isipande sana. Kwa hiyo ukihisi kichefuchefu pima ketoni, hata kama sukari inaonekana nzuri, na zikiwa juu jidunge insulini kwa sindano kwa kipimo ulichoelekezwa, badilisha mrija, kisha uwasiliane na hospitali bila kuchelewa.