Kupinga uthamini wa nyumba ya umiliki wa pamoja Uingereza kabla ya kununua hisa zilizobaki

Mkuu, umesema una asilimia 40 ya fleti, shirika la nyumba lina 60, unataka kununua hizo 60, na mthamini ameiweka fleti nzima pauni 320,000 ilhali ya jirani imeuzwa chini ya hapo. Umeuliza jinsi ya kupinga. Piga hesabu kwanza. Asilimia 60 ya 320,000 ni 192,000. Bei ikishuka hadi 305,000 unalipa 183,000. Hizo pauni 9,000 zinastahili kupiganiwa.

Usiandike "bei ni kubwa mno". Mthamini hubadili namba kwa ushahidi, na ushahidi ni mauzo yaliyokamilika. Ingia kwenye takwimu za bei za Land Registry (ofisi ya serikali ya usajili wa ardhi na nyumba), ni bure, uchukue mauzo matatu au manne ya karibuni ya mtaa huohuo na idadi ileile ya vyumba. Ukubwa wa kila fleti upo kwenye cheti chake cha EPC (cheti cha matumizi ya nishati), nacho kiko wazi mtandaoni. Gawanya bei kwa mita za mraba, kisha linganisha na nyumba alizotumia yeye. Makosa hujitokeza hapo: fleti ya mita 52 imelinganishwa na ya 61, bei ya tangazo la dalali imechukuliwa kama bei ya mauzo, au fleti mpya kutoka kwa mjenzi, ambayo kwa kawaida huuzwa ghali zaidi, imewekwa sawa na yako iliyokwisha kukaliwa. Angalia pia kama ametaja miaka iliyobaki kwenye mkataba wa pango la fleti na matatizo ya kuta za nje kuhusu moto. Miaka ikiwa michache, au kuta zikiwa na tatizo, bei hushuka.

Jambo linalosahaulika sana ni maboresho. Mikataba mingi inasema thamani uliyoongeza kwa pesa zako haihesabiwi, maana si haki kulilipa shirika kwa jiko ulilojenga mwenyewe. Lakini mthamini hawezi kubahatisha. Mpe risiti na kibali cha shirika, umwombe namba mbili: pamoja na maboresho na bila hayo. Kupaka rangi hakuingii humo.

Barua iende kwa mthamini, nakala kwa shirika, mapema, kwa sababu ripoti kwa kawaida huishi miezi mitatu. Akikataa, tumia utaratibu wa malalamiko wa kampuni yake. RICS, chama cha kitaaluma cha wathamini, husimamia mwenendo wao, haikupangii bei.

Kabla ya kulipia ripoti ya pili, soma kipengele cha mthamini kwenye mkataba. Mara nyingi lazima akubaliwe na pande zote mbili, na mkishindwa kuelewana rais wa RICS huombwa amteue. Ripoti uliyoagiza peke yako shirika linaweza kuikataa, ada ikawa imekwenda. Kuiacha ya kwanza iishe muda ndipo uagize nyingine kunaruhusiwa, ila unalipa ada upya na soko likipanda utapewa namba kubwa zaidi.

Benki nayo itakuwa na uthamini wake kwa ajili ya mkopo. Uthamini huo ukitoka chini, bei ya shirika haibadiliki kwa hilo, na pengo utalijaza kwa fedha taslimu. Omba nakala, uiambatanishe kwenye barua yako.