Chili ya Cincinnati kwa mkono wa Mpemba

Juzi nimeletewa ujumbe na kijana wa Tanga anayeishi Columbus: "Bi mkubwa, picha umeiweka, zawadi umetuonesha, kisha kimya. Kipimo kiko wapi? Au ndiyo tunafichana?"

Anataka mapishi ya chili iliyonipa zawadi kwenye mashindano ya kazini. Hafichwi mtu. Nilikuwa nangoja furaha ipoe, maana mtu akiandika kichwa bado kimemvimba huandika majigambo. Haijapoa, lakini nimeona niandike hivyo hivyo, kwani najua si yeye peke yake anayetaka. Sote tulioko huku tunatamani jambo moja: ikifika siku ya kula pamoja kazini au shuleni kwa watoto, sufuria yetu ifunuliwe na ikombwe.

Kwa aliye mbali nieleze kwanza. Chili ya Cincinnati, Ohio, si ile ya Texas ya mapande ya nyama na pilipili kavu. Hii ni nyama ya ng'ombe iliyosagwa laini kabisa, mchuzi wake mwepesi, inamiminwa juu ya spageti, kisha linapandishwa jibini la cheddar lililokunwa nyembamba mpaka spageti haionekani tena. Huagizwa kwa hesabu. Ya tatu ni spageti, chili na jibini. Ya nne unaongeza kitunguu kibichi kilichokatwakatwa au maharage mekundu. Ya tano ni vyote kwa pamoja. Na ndani ya mchuzi wake mna mdalasini, karafuu na uzile. Ndiyo, umesoma sawasawa, ni viungo vya pilau. Mtu wa pwani akipita nje ya mkahawa wa chili hapa mjini, harufu humsimamisha njiani.

Mimi harufu hiyo nilikaa nayo miaka bila kula. Nyama ya mikahawa hiyo si ya halali, nami sili. Hadi leo ninapoandika sijaionja ya mkahawani hata kijiko kimoja. Mnaocheka chekeni, ila msiondoke.

Kabla ya mapishi kuna jambo limenikaa kooni. Miaka kadhaa nyuma, kazini tuliambiwa kila mtu alete chakula cha kwao. Nikapika pilau ya nyama, pilau hasa, kitunguu kimekaangwa mpaka kikashika rangi. Niliamka kabla ya adhana kwa ajili yake. Mwenzangu mmoja akafunua sufuria, akanusa, akauliza mna nini ndani. Nikamtajia. "Mdalasini? Kwenye nyama?" Akafunika, akajifuta mkono. Waliomsikia wakapita, wakaenda kwenye saladi zao za viazi. Nikarudi nyumbani na sufuria imejaa. Watoto walifurahi. Mimi sikula.

Sasa jueni kwamba mwanamke yule ni mzaliwa wa hapa, na chakula chake cha mchana akipendacho kuliko vyote ni chili. Mdalasini kwenye nyama ameula tangu hajaota meno! Wakati ule sikulijua hilo. Siku nilipolijua nilikuwa jikoni kwa jirani yangu, nikacheka mpaka mwenyeji akadhani nimepaliwa. Lakini kicheko kile hakikuondoa kitu. Linaniuma bado, na hata sasa navyoandika linaniuma.

Jirani huyo ni bibi wa miaka 80 na ushei, ukoo wake wa Kijerumani kama wengi wa upande wa magharibi wa mji, kazaliwa Price Hill. Ndiye mwalimu wangu. Utotoni baba yake alikuwa akimpeleka Skyline, mkahawa ambao Mgiriki mmoja wa Kastoria, Nicholas Lambrinides, aliufungua palepale Price Hill mwaka 1949, akaupa jina hilo kwa vile majengo ya mji yanavyoonekana kutoka kule kilimani. Bibi akielezea, huichora sahani hewani kwa vidole: hapa spageti, hapa chili, hapa jibini, na yule mpishi alivyoweza kupanga sahani nyingi kwenye mkono mmoja.

Kumbe Mgiriki huyo naye aliwakuta wenzake. Mwaka 1922 ndugu wawili wahamiaji wa Kimakedonia, Tom na John Kiradjieff, walikuwa na mkahawa mdogo mtaa wa Vine, kando ya jumba la maonesho lililoitwa Empress, nao wakauita mkahawa jina hilohilo. Walichukua nyama ya kusaga iliyokuwa ikimwagiwa juu ya soseji, wakaitia viungo vya kwao, kisha wakaiweka juu ya spageti. Huko walikotoka, nyama ya kusaga na mdalasini juu ya makaroni si kioja. Baadaye, mwaka 1965, wakaja ndugu wa ukoo wa Daoud kutoka Jordan, wakaanzisha Gold Star. Hesabuni wenyewe: Wamakedonia, Mgiriki, Waarabu. Hicho ndicho chakula ambacho mji mzima unakiita chake, na mwanamke wa kazini anakidai ni cha babu zake.

Na karafuu je? Mwaka 1922 sehemu kubwa ya karafuu za dunia ilitoka Unguja na Pemba, na Pemba zaidi. Mimi nimeshajihukumia kwamba karafuu ya sufuria ile ilichumwa kwetu, na asiyekubali alete ushahidi.

Haya, jikoni. Jambo la kwanza, na ukilishika hili mengine ni madogo: usikaange. Mkono wa mtu wa pwani ukishika nyama ya kusaga unatafuta chupa ya mafuta wenyewe. Uzuie. Chukua nyama ya kusaga pauni 2, karibu kilo moja kasoro, itie ikiwa mbichi ndani ya sufuria yenye maji baridi vikombe 4, kisha uivunje kwa vidole mpaka maji yawe mazito kama uji na kusibaki bonge. Ndipo uwashe moto. Mume wangu alisimama mlangoni akauliza, "Hiyo nyama inapikwa au inafuliwa?" Nikamwambia angoje. Nyama iliyokaangwa hukamatana ikawa vidonge, na chili ya hapa haitaki vidonge, inataka nyama iyeyukie mchuzini. Kwa hiyo narudia, usikaange.

Ikishachemka engua povu, kisha tia vitunguu maji 2 vilivyokunwa, kitunguu thomu punje 4 zilizopondwa, na kopo la tungule zilizosagwa la gramu kama 425. Siki ya tufaha vijiko 2 vya chakula. Sosi ya Worcestershire kijiko 1. Isome chupa yake utakuta ukwaju ndani, ndiyo maana ulimi wetu haushtuki nayo.

Viungo: ule unga wa pilipili wa Kimarekani, ambao si pilipili tupu bali umechanganywa na uzile, thomu na oregano, vijiko 3 vya chakula. Mdalasini kijiko 1 cha chai, uzile kijiko 1 cha chai, pilipili kali nusu kijiko. Kisha ile punje ya Jamaika ambayo chupa yake dukani imeandikwa allspice, nusu kijiko cha chai. Kwa jicho ni pilipili manga iliyonenepa, kwa pua ni karafuu, mdalasini na kungumanga vimekutana. Chumvi kwa kiasi chako. Mimi natia na kijiko cha chai cha kakao isiyo na sukari. Bibi anasema habari ya kakao ni uzushi wa watu wa magazeti, basi naitia akiwa amegeuka.

Karafuu nimeiacha peke yake kwa sababu hapa nina haki ya kusema. Nimekulia Wete. Nimechambua karafuu nikitenga makonyo mpaka vidole vikanuka wiki nzima, na msimu ukifika majamvi yalikuwa yametandikwa uwanjani hatuna pa kuchezea. Karafuu ya unga ya dukani, iliyokaa kwenye chupa hakuna ajuaye tangu lini, imeshakufa. Nunua nzima. Ibonyeze kichwa kwa ukucha. Ikitoa mafuta ni hai, isipotoa irudishe. Isage siku hiyohiyo ya kupika, na utie robo kijiko cha chai tu kwa nyama yote hiyo. Robo! Karafuu ikizidi inatia ulimi ganzi, na mlaji hatasikia tena kitu kingine. Nimeonja chili za watu huku, za nyama ya halali, ambazo mtu angedhani yuko kwa daktari wa meno.

Moto uwe mdogo, saa 3, kifuniko nusu. Kisha, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa, usile. Ipoze, iingize kwenye friji ilale. Asubuhi utaikuta imevaa kofia ya mafuta yaliyoganda juu. Yaondoe, bakisha kidogo sana, ndipo uipashe. Chili ya siku ya pili na ya siku ya kwanza hazijuani.

Mtaniuliza nilijuaje kuwa imefika, na asili yake sijawahi kuionja. Nilipika kwa ulimi wa bibi. Nilikuwa namvushia kibakuli kwenye ua, anafumba macho, anakaa kimya muda ambao mimi naona ni mrefu mno, kisha ananipa hukumu. Na hukumu zake zilikuwa zilezile tatu kila mara: siki haitoshi, nyama haijalainika, umeharakisha. Mdalasini hakuugusa hata siku moja. Kwenye viungo, alisema, mkono wangu ulifika kabla yake. Sifa nyingi nimepewa maishani, lakini hiyo nimeiweka pamoja na vyeti.

Basi mwezi uliopita kazini kukawa na mashindano ya chili. Sufuria zilipewa namba, majina yakafichwa, kila mtu kura moja. Nikashika nafasi ya pili, na zawadi ndiyo ule upawa wenye utepe mliouona pichani. Aliyeshinda ni fundi umeme, kijana mstaarabu, chili yake nzito ya maharage. Sina neno naye, ingawa kwangu mimi ile ilikuwa supu. Lakini mwenzangu yule wa mdalasini alirudi kwenye sufuria yangu mara mbili, nami nipo pembeni namtazama. Majina yalipotajwa alikuja na simu yake mkononi kuandika mapishi. Nikamtajia yote, neno kwa neno, mdalasini nikautaja mara mbili kwa sauti. Tulipofika kwenye karafuu nikamwambia "kidogo tu." Mungu anisamehe. Nyinyi nimewapa robo kijiko.

Na nyinyi sasa nataka niwaambie, hasa mliofika karibuni. Acheni kupeleka kazini chakula cha kununua kwa hofu ya kuulizwa mna nini ndani. Wakiuliza, wajibuni, tena tajeni kila kitu. Na upande wa pili, acheni kusema chakula cha Wamarekani hakina ladha, ilhali hamjaingia jiko hata moja la Mmarekani. Watu wanakaa Ohio miaka 10, wanaijua njia ya kwenda kwenye duka la muhogo na ya kurudi, jirani hawamjui jina. Nendeni mkabishe hodi. Kuna bibi mahali fulani anangoja mtu wa kumwambia siki haitoshi. Nami nisingeijua siri ya kutokaanga kama nisingebisha hodi kwake, kwa hiyo tena, na kwa mara ya mwisho leo, usikaange.

Viungo, walio karibu na Cincinnati mtavipata vyote Jungle Jim's kule Fairfield, hata karafuu nzima na uzile wa gunia. Nyama ichukueni kwenye bucha la halali mwambie muuzaji aisage mara mbili. Jibini likuneni wenyewe, lile la pakiti limetiwa unga ili lisigandane, haliyeyuki vizuri. Mezani wekeni chupa ya pilipili, maana chili hii si kali na wanaume wa kwetu watanung'unika, pamoja na zile biskuti ndogo za chumvi. Spageti haizungushwi kwenye uma, inakatwa kwa ubavu wa uma kipande kwa kipande. Ukiizungusha mbele ya mtu wa hapa ameshajua wewe mgeni. Inayobaki igandisheni kwenye vibakuli, inakaa muda mrefu. Wangu huila kwa chapati asubuhi.

Kijana wa Tanga uliuliza pia kama inafaa kuimimina juu ya wali wa nazi. Nyumbani kwako wewe ndiye sultani, mwanangu. Ila siku hiyo usialike mtu wa Cincinnati, na picha usinitumie.